Vijana si Wabeba Viti tu

Katika eneo lianzialo Embu, likapitia Chuka hadi Meru, elimu ya juu imepanuka kwa kasi ya kustaajabisha. Chuo Kikuu cha Chuka na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru vilitunukiwa hati mwaka 2013, na Chuo Kikuu cha Embu kikafuata mwaka 2016. Maelfu ya vijana wamewasili katika miji ambamo kazi za vilabu vya huduma zilikuwa aghalabu mikononi mwa wafanyabiashara, madaktari na walimu wenye mvi. Swali ninalotaka kuliuliza leo ni hili: je, vijana hao wanapokaribishwa katika kazi hizo, huingia kama washirika au kama vibarua wasio na ujira?

Niliyoyaona katika shughuli za aina hii hayafurahishi. Kijana ndiye achimbaye mashimo ya miche, apangaye viti na kuwaandikisha wagonjwa kambi ya matibabu inapofunguliwa. Mzee ndiye achaguaye mahali, atiaye sahihi hundi, na asimamaye mbele mpiga picha anapofika. Mikutano ya kupanga mambo hufanywa jioni hotelini, mahali ambapo bei ya chai yaweza kummalizia mwanafunzi nauli ya kurudi chuoni. Asipohudhuria, husemwa kwamba vijana hawana moyo wa kujitolea.

Hali hii haikuanzia kwetu. Rotary ilianzishwa Chicago mwaka 1905, lakini vijana wa shule waliundiwa Interact mwaka 1962, na wale waliovuka umri huo wakaundiwa Rotaract mwaka 1968. Kwa zaidi ya miaka 50 Rotaract ilihesabiwa kuwa mradi wa Rotary tu. Ni mwaka 2019 ndipo baraza la kutunga kanuni lilipokata shauri kwamba vilabu vya Rotaract viwe wanachama kamili wa shirika hilo kuanzia Julai 2020, na ukomo wa miaka 30 ukaondolewa. Tangu Julai 2022, kila mwanachama wa klabu ya chuo hutozwa ada ya dola 5 kwa mwaka, naye wa klabu ya mtaani dola 8. Basi atoaye ada ana haki ya kuuliza fedha zimekwenda wapi. Hata hivyo, kanuni iliyopitishwa ng'ambo haibadilishi mazoea ya chumba cha mkutano mjini Meru.

Wako watakaonijibu kwamba mila zetu zampa mzee neno la mwisho, kwani penye wazee haliharibiki neno. Mila zenyewe zasema zaidi ya hayo. Marika ya Wameru yaligawanyika pande mbili, Kiruka na Ntiba, zilizopokezana uongozi, na ntuiko ndiyo iliyokuwa hatua ya kukabidhiana. Waembu nao walikuwa na nduiko yao. Mzee alijua kwamba zamu yake ina mwisho, na kijana alijua kwamba yake yaja.

Tukumbuke pia yaliyotokea Meru mwaka 1956, baraza la Njuri Ncheke lilipopiga marufuku tohara ya wasichana, likiungwa mkono na maofisa wa kikoloni. Wasichana hawakushauriwa. Wengi walijitahiri wenyewe kwa nyembe, wakaitwa Ngaitana, na katika miaka mitatu iliyofuata watu zaidi ya 2,000 walishtakiwa. Siitetei desturi hiyo hata kidogo. Imewadhuru wengi, na sheria ya mwaka 2011 imeikataza nchini kote. Nasema tu kwamba hata shauri jema, likikatwa bila wale litakaowaangukia, huweza kuzaa kinyume chake.

Haki, hata hivyo, haina upande mmoja. Wazee wana manung'uniko ya kweli. Mwanafunzi hukaa chuoni miaka minne, kisha huondoka, naye mzee akabaki na mradi usiokamilika na wanakijiji wanaouliza maswali. Wapo vijana wajao kutafuta barua ya mapendekezo tu, na wapo wanaopokea fedha wasirudishe stakabadhi. Anayetaka kuaminiwa hana budi kutoa hesabu.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila mradi wa pamoja uandikiwe mapatano kabla ya jembe la kwanza kuinuliwa: nani atoe nini, nani aamue nini. Pili, fedha za mradi zitolewe kwa sahihi mbili, ya mzee na ya kijana, na hesabu isomwe mbele ya wote. Tatu, mikutano ipokezane, leo hotelini, kesho chuoni, na kila kijana anayekaribia kuhitimu amfunze mrithi wake muhula mmoja kabla ya kuondoka.

Nanyi walimu walezi wa vilabu vya shule, kazi hii yaanzia kwenu. Mwanafunzi asiyepata kuongoza kikao akiwa kidato cha tatu hatajua kukiongoza akiwa na miaka 25. Mwachieni daftari la hesabu, mkae kando, mkimwelekeza anapokwama. Jifya moja haliinjiki chungu, na chungu cha huduma katika kaunti zetu hizi bado ni kizito.