Sauti ya Kijiji katika Demokrasia ya Tanzania baada ya Ukoloni: Mfano wa Rufiji na Kibiti

Ukuaji wa demokrasia nchini Tanzania aghalabu hupimwa kwa idadi ya vyama. Makala haya yanatumia kipimo kingine: ni nani anayeamua mambo yanayogusa maisha ya mwanakijiji. Hoja kuu ni kwamba katika Rufiji, wilaya ambayo Kibiti ilimegwa kwayo, uhuru wa kupiga kura na mamlaka ya kuamua havikukua kwa pamoja.

Mwaka 1965, chini ya chama kimoja, wagombea wawili wa TANU walishindanishwa jimboni kwa alama za jembe na nyumba. Huko Rufiji, Bibi Titi Mohamed, kinara wa harakati za uhuru, alishindwa. Kura ilikuwa na nguvu. Hata hivyo, baada ya mafuriko ya 1968, Operesheni Rufiji iliwahamisha wakulima kutoka bondeni hadi kwenye miinuko, mbali na mashamba yao yaliyorutubishwa na mto. Wapigakura walioweza kumwangusha kiongozi mashuhuri hawakuweza kukataa kuhamishwa.

Sheria ya mwaka 1982 ilirejesha serikali za mitaa, na mwaka 1992 vyama vingi vikaruhusiwa. Lakini mwaka 1997 Baraza la Mawaziri liliidhinisha mradi mkubwa wa ufugaji wa kamba katika mikoko ya delta, kinyume na ushauri wa wataalamu wa mazingira wa serikali yenyewe. Wanavijiji walikimbilia Mahakama Kuu wakisaidiwa na wanasheria wa mazingira, na hatimaye mradi haukutekelezwa. Ngao yao ilikuwa mahakama, si sanduku la kura.

Mauaji ya Kibiti yaliyofikia kilele mwaka 2017 yaliwalenga zaidi viongozi wa vijiji na vitongoji pamoja na polisi. Tarehe 13 Aprili askari wanane waliuawa. Mwenyekiti wa kijiji huchaguliwa na wakazi, lakini sheria humtaka adhaminiwe na chama, na kwa wengi yeye ndiye sura ya karibu ya dola. Uwili huo ulimweka hatarini. Mwaka 2019 vyama vikuu vya upinzani vilisusia uchaguzi wa serikali za mitaa, na viti karibu vyote nchini vikaenda CCM.

Kwa hiyo, tathmini ya demokrasia haina budi kuanzia kwenye mkutano mkuu wa kijiji: je, unaweza kusema hapana, na hapana hiyo ikaheshimiwa?