Mama, Kabla Hamjavuka Kwenda Kasri la Sultani



Malkia wa Sheba alipotaka kuiona nyumba ya mfalme Sulemani hakukurupuka. Maandiko yanatueleza kwamba alifunga mizigo juu ya ngamia, na zaidi ya mizigo alikwenda na maswali moyoni. Aliporudi kwao alikuwa ameona na amejibiwa. Wengi wetu tunapokwenda kutembea tunabeba chakula tu, maswali tunayaacha nyumbani.

Mimi nilifanya kosa hilo. Mara ya kwanza nilipowachukua wanangu kwenda Unguja kuona makasri ya masultani, tulivuka asubuhi, tukazunguka juani, tukapiga picha, tukarudi jioni miguu ikiwaka moto. Usiku binti yangu, wakati huo akiwa darasa la tano, akaniuliza, "Mama, wale watumwa waliokuwa wakifanya kazi kwenye nyumba ya Sultani, habari zao ziko wapi?" Sikuwa na jibu. Nauli ya watu wanne ilikuwa imekwenda, na mtoto alikuwa amerudi na swali ambalo mama yake hakuwahi hata kulifikiria.

Safari ya pili niliipanga na akina mama wenzangu wa kanisani. Tulianzia kwenye swali hilo. Haya ndiyo tuliyojifunza, huenda yakakufaa nawe.

Kaeni chini mhesabu gharama

Tulipanga miezi minne mapema. Kila mama alitoa kidogo kila Jumapili baada ya ibada, na mweka hazina akaandika kwenye daftari. Kwa njia hiyo hata mjane mwenye watoto watatu aliweza kwenda bila kuona haya. Hesabu yenu iwe na mambo haya: boti kwenda na kurudi, daladala au gari la kukodi, viingilio, mtembezaji, chakula, na akiba ya dharura. Akiba msiiguse kwa ajili ya kununua vitenge!

Chagueni wakati vizuri. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, mvua ni nyingi na magofu huteleza. Miezi ya kusi bahari huchafuka, na wenye kutapika watateseka. Beba tangawizi na mifuko. Mwezi wa Ramadhani si mzuri kwa kundi lenye watoto, kwa sababu wenyeji wamefunga na si adabu kula na kunywa mbele yao mchana. Kila mtu mzima achukue kitambulisho chake. Vaeni mavazi ya kufunika mabega na magoti, na kila mama awe na kanga ya ziada. Tunakwenda kwa jirani zetu Waislamu. Heshima yetu kwao nayo ni ushuhuda.

Jambo jingine ni la usalama. Beit al-Ajaib, jumba kubwa lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili walipoteza maisha. Kasri la Beit al-Sahel liko jirani kabisa na hapo. Kwa hiyo kabla ya kukata tiketi za boti, mpigie simu mwenyeji au mtembezaji umwulize ni majengo gani yako wazi wiki hiyo. Usisubiri kufika mlangoni na watoto ishirini.

Mjue mwenye nyumba kabla hujaingia

Wiki mbili kabla ya safari tulikutana jioni moja nyumbani kwa mama mmojawapo, tukasimuliana habari za Bibi Salme. Ukiijua habari yake, mawe ya Unguja yatasema nawe.

Salme alizaliwa mwaka 1844 katika Kasri la Mtoni, kaskazini ya mji. Baba yake alikuwa Sultani Said bin Sultan, aliyehamishia makao yake Unguja kutoka Omani. Mama yake, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi aliyetekwa utotoni na kuuzwa, hata akawa suria wa Sultani. Hebu tafakari hilo: binti wa mfalme, na mama yake alinunuliwa. Katika kitabu chake Salme alikadiria kwamba Mtoni walikaa watu kama elfu moja, na uani walitembea swala, tausi na mbuni.

Wasichana wa kasri walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hawakufundishwa. Salme alijifundisha kwa siri, akinakili herufi juu ya mfupa wa bega la ngamia. Elimu hiyo ilimponza na ikamsaidia. Baba yake alifariki mwaka 1856, na mwaka 1859 kipindupindu kikamchukua mama yake. Mwaka huohuo Barghash alipofanya njama dhidi ya ndugu yake Majid, aliyekuwa akitawala, Salme mwenye umri wa miaka 15 ndiye aliyeandika barua za wapanga njama. Njama ikashindwa.

Baadaye alipendana na mfanyabiashara Mjerumani, Heinrich Ruete, akapata mimba. Mwezi Agosti 1866 alitoroka usiku kwa meli ya Kiingereza hadi Aden. Huko, Mei 1867, alibatizwa kwa jina la Emily na kufunga ndoa siku hiyohiyo. Mtoto wake wa kwanza alikufa angali mchanga. Walihamia Hamburg, wakapata watoto watatu. Mwaka 1870 mumewe alikanyagwa na tramu akafa. Salme alikuwa bado hajafika miaka 26, mgeni katika nchi ya baridi, na mtoto wa mwisho alikuwa wa miezi michache.

Hapo mazungumzo yetu yalinoga. Mama mmoja alisema, "Tumshukuru Mungu, aliokoka!" Mwingine akamjibu taratibu, "Dada yangu, alibatizwa, ndiyo. Lakini nani alimfundisha? Nani alikaa naye alipofiwa?" Nyumba ikanyamaza. Maana maandishi yake yanaonyesha upweke mkubwa, na jinsi alivyohangaika rohoni. Alifundisha Kiarabu ili apate riziki. Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Alirudi Unguja mara mbili, 1885 na 1888, lakini hakupewa urithi aliokuja kuudai. Alifariki mwaka 1924, na inasimuliwa kwamba katika vitu vyake ulikutwa mchanga wa pwani ya Unguja.

Siku yenyewe

Anzeni Mtoni asubuhi kabla jua halijawa kali. Daladala za kwenda Bububu hupita barabara hiyo. Ni magofu: kuta na mabaki ya hamamu. Waambie watoto wafumbe macho na kufikiri uani pale pana tausi na kelele za watu elfu moja. Njiani ni Maruhubi, kasri alilojenga Barghash kwa ajili ya wake na masuria wake, likaungua mwaka 1899.

Kisha rudini mjini, Forodhani. Kasri la awali la Beit al-Sahel, alikowahi kukaa Salme, lilibomolewa na mizinga ya Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vilivyokwisha kwa muda usiofika hata saa moja. Lililopo lilijengwa baada ya hapo, na masultani walikaa humo hadi Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Mwaka 1994 likafanywa makumbusho, na chumba kimoja kikatengwa kwa habari za Bibi Salme. Mkikuta liko wazi, ingieni. Mkikuta limefungwa, simameni upande wa bahari mlitazame. Habari mnayo tayari.

Mwisho nendeni Mkunazini. Tafadhali usiliache hili. Fahari yote mliyoiona ilitokana na karafuu na biashara, nayo ilibebwa na mabega ya watumwa. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na mahali pake Askofu Edward Steere akasimamia ujenzi wa kanisa kuu la Kianglikana. Altare iko pale ambapo panasemwa watumwa walichapwa viboko. Nje kuna sanamu za watumwa watano waliosimama shimoni, minyororo shingoni, kazi ya mwaka 1998.

Hapo ndipo nilipomjibu binti yangu, miaka miwili baada ya swali lake. Nilimwambia pia kwamba Salme mwenyewe, mtoto wa mwanamke aliyeuzwa, aliutetea utumwa katika kitabu chake. Akashangaa, "Hata baada ya kubatizwa?" Nikamwambia ndiyo, mwanangu. Mtu anaweza kupita majini na bado kuna mambo hajayaona. Na mimi pia yako nisiyoyaona. Alinishika mkono, hatukusema zaidi.

Mkirudi nyumbani

Usiruhusu safari iishie bandarini. Juma hilohilo, baada ya chakula cha jioni, waulizeni watoto:

1. Kwa nini wasichana hawakufundishwa kuandika? Je, hapa kwetu yuko msichana anayenyimwa shule?

2. Nani alifanya kazi ili kasri lipendeze? Nasi tunamtendeaje msichana wa kazi aliye jikoni kwetu?

3. Je, yuko mgeni au mjane kanisani kwetu ambaye tumembatiza kisha tukamsahau?

Swali la tatu lilituuma sana. Tuliporudi tulihesabu akiba ya dharura, ikawa imebaki kidogo. Hatukuigawana. Tulimtembelea dada mmoja aliyeolewa kutoka mbali, aliyefiwa na mumewe mwaka ule, ambaye hakuna kati yetu aliyekuwa amekanyaga kwake tangu matanga. Tulimkuta anapepeta mchele. Alitutazama, akasema, "Karibuni. Nilidhani mmepotea njia."

Mpenzi msomaji, panga safari yako vizuri. Na Bwana akutangulie kwenda, akutangulie na kurudi.