Mwalimu Arudi Dawatini

Katika likizo kuu iliyopita sisi tuliozoea kushika chaki tuliketi dawatini hapa Likasi, katika mtaa wa Kikula, tukajifunza Kijerumani. Tulikuwa watu wazima tisa: wauguzi, fundi wa umeme, mama mshonaji, na mwalimu mmoja wa miaka 38, ndio sisi tunaoandika haya. Aliyetufundisha ni kijana aliyesomea Ujerumani. Zamani alikuwa mwanafunzi wetu wa darasa la sita. Siku ya kwanza alituita "Mwalimu", nasi tukamwitikia "Naam, Mwalimu," na darasa zima likacheka.

Tulisoma vipindi vitano kila asubuhi, siku tano kwa juma, kwa majuma sita. Kwa kuwa seminarini tulisoma Kilatini, tulijiona tumekwisha kuwatangulia wenzetu. Kilatini kina jinsi tatu za majina, na Kijerumani vilevile. Lakini kuelewa ni jambo moja, na ulimi kutii ni jambo jingine. Kijiko ni cha kiume, der Löffel. Uma ni wa kike, die Gabel. Kisu si cha kiume wala cha kike, das Messer. Mama mshonaji akauliza, "Kwa sababu gani?" Kijana akajibu kwamba hakuna sababu ya kutafuta: kila jina lishikwe pamoja na neno lake dogo la mbele, kama vile mtoto ashikavyo "kitabu changu" wala si "kitabu yangu". Tukatazamana kimya. Nani asiyejua kwamba barabarani Likasi twasema "kitabu yangu" kutwa nzima? (Tena neno "shule" lenyewe Waswahili wa pwani walilipata kwa Wajerumani, Schule, sisi wa Katanga twasema "masomo".)

Hata hivyo ngeli zetu zilitusaidia. Msichana, Mädchen, si wa jinsi ya kike katika sarufi yao, kwa sababu ya kile kiambishi -chen kinachodogosha kitu. Wengine waliona ni ajabu, mpaka tulipowakumbusha kwamba hata sisi twaweza kusema "kitoto kimelala".

Kilichotutesa hasa ni hesabu. Sisi husema ishirini na tano. Mjerumani husema tano na ishirini, fünfundzwanzig. Siku moja kijana alitusomea namba kwa haraka, nasi tukaziandika. Watano kati ya tisa waliandika 52 mahali pa 25, nasi tukiwamo. Muuguzi mmoja, mama wa watoto watatu, akaweka kalamu chini. "Mwalimu," akasema, "kama haya yangalikuwa matone ya dawa ya mgonjwa, je?" Hakuna aliyecheka. Tangu siku ile, kila asubuhi tulianza kwa namba, nusu saa nzima, na mama yule ndiye aliyekuwa mkali kuliko kijana.

Mama huyo alikuja kwa sababu mtu mmoja apitaye mitaani alimwahidi kazi ya uuguzi Ujerumani baada ya miezi mitatu ya masomo, mradi atoe fedha kwanza. Tukafanya hesabu pamoja ubaoni. Ngazi za lugha, kama zilivyopangwa na Baraza la Ulaya mwaka 2001, ni sita: A1, A2, B1, B2, C1 na C2. Muuguzi atakaye kukubaliwa kule kwa kawaida hudaiwa B2, na kuifikia huhitaji vipindi 600 hadi 800 vya dakika 45. Majuma yetu sita yalikuwa vipindi 150 tu: robo, au pungufu. Tena mtihani wa B2 wa Goethe-Institut una sehemu nne, kusoma, kusikiliza, kuandika na kusema, na kila sehemu yataka alama 60 katika 100. Aliyeanguka sehemu moja aweza kuirudia hiyo peke yake, nayo si faraja ndogo. Mama alitazama ubao kwa muda mrefu, kisha akanakili hesabu ile yote daftarini, apate kumwonyesha mumewe. Fedha hakuzitoa.

Mtu mzima hana kichwa kibovu, kama wengi wadhanivyo. Ana aibu. Binti wa mama yule, mwenye miaka minane, alizishika namba kwa kuwasikiliza wakubwa tu, akakosea mara mia bila kujali. Sisi tulikaa majuma mawili kabla ya kufungua kinywa pasipo kuulizwa, tukiogopa kusahihishwa na mtoto tuliyemfundisha kuandika.

Majuma sita yalipokwisha, tulibaki sita. Shule zimefunguliwa, kila mtu amerudi kazini. Sasa twakutana Jumatatu na Alhamisi jioni nyumbani kwa fundi wa umeme, tukitumia masomo ya bure ya Deutsche Welle yaliyohifadhiwa katika simu yake. Umeme ukikatika, na hukatika hata kwa fundi, mama muuguzi hututajia namba gizani, nasi twazijibu kwa Kiswahili mmoja baada ya mwingine.