Jinsi dirisha la amri la kompyuta linavyoweza kujibu kwa Kiswahili

Mchuuzi wa sambaza wa Rubona, wilayani Rubavu, anapobonyeza *182# kutuma pesa, simu humpa orodha, humsubiri achague, kisha humjibu. Dirisha la amri la lugha ya kompyuta kama Python hufanya kazi vivyo hivyo: andika 12*1500, nalo litajibu 18000 na kusubiri amri nyingine. Halihitaji intaneti.

Tofauti ni kwamba orodha ya simu hupangwa na kampuni, ilhali dirisha hili hupangwa na mtumiaji mwenyewe. Mwaka 2001 Fernando Pérez, mwanafunzi wa fizikia huko Colorado, Marekani, aliandika faili ya mistari 259 inayosomwa Python inapoanza, ili kila amri na jibu lake vipewe namba. Faili hiyo ilizaa IPython na, mwaka 2014, mradi wa Jupyter.

Kwa wasemaji wa Kiswahili, lugha rasmi nchini Rwanda tangu 2017, njia hiyo iko wazi. Katika faili ya kuanzia, alama >>> hubadilishwa kuwa "Andika:" kupitia sys.ps1. Huo ni urembo tu. Uzito umo katika ujumbe wa makosa. Anayegawanya kwa sifuri hukemewa kwa Kiingereza, na mwanafunzi asiyekijua hudhani ameharibu mashine. Kupitia sys.excepthook, kosa hilo laweza kuelezwa hivi: "Namba haigawanywi kwa sifuri." Amri zenyewe, kama print, ni afadhali zibaki zilivyo, kwani programu za wengine zimeandikwa kwazo.