Kundi la Damu Halikupangii Chakula

"Dokta, mimi ni kundi O. Niache chapati na maharage?" Nafundisha jenomu na tiba inayolenga mgonjwa mmoja mmoja, na sina swali ninaloulizwa zaidi ya hilo. Hapana. Kula maharage.

Imani hii ilivuma mwaka 1996 kwa kitabu cha Mmarekani Peter D'Adamo. Wenye O, anasema, ni kizazi cha wawindaji, wale nyama; wenye A ni wa wakulima, wale mboga; wenye B ni wa wafugaji, wanywe maziwa. Simulizi tamu, ila makundi ya damu hayakuja na jembe. Tofauti ya A na B tunayo pamoja na giboni wa Asia, na umri wake ni mamilioni ya miaka. Kilimo hakijatimiza hata elfu kumi na tano. Na hiyo O inayoitwa ya kale? Mara nyingi ni jeni ya A iliyodondosha herufi moja, kimeng'enya chake kikaharibika. Mtoto kageuzwa babu.

Mwaka 2014 watafiti wa Toronto walichunguza watu 1,455. Waliokula kwa mtindo wa "kundi A", yaani mboga nyingi, walikuwa na kiuno chembamba na kolesteroli nafuu, wawe A, B au O. Kwa hiyo shangazi yako aliyepungua kwa mlo huo hasemi uongo: kaacha soda na vitumbua, basi. Damu yake haikuhusika. Wanaouza vipimo vya damu ya kidole pamoja na orodha ya vyakula wanajua hivyo, au wangepaswa kujua.

Kundi la damu lina kazi, sikatai. Ukiongezewa lisilokufaa unaweza kufa, na wenye O wana kinga kiasi dhidi ya malaria kali. Hayo hayafiki kwenye sahani.

Kinachonikera zaidi ni wachumba wanaojitangaza salama kwa kuwa "sote ni O". Salama kwa lipi? Ugonjwa wa selimundu hausomwi kwenye kundi la damu. Jeni ya ABO iko kromosomu ya 9, ya himoglobini inayohusika iko ya 11. Mkiwa wabebaji wote wawili, kila mimba ina uwezekano wa robo kuzaa mtoto mgonjwa, na ninyi mko wazima kabisa, hamna dalili.

Vipimo na tahadhari za jeni zenye maana, basi, haraka haraka. Selimundu: ombeni elektroforesisi ya himoglobini kabla ya kuzaa. Primakwini, dawa ya malaria: ulizia kipimo cha kimeng'enya cha G6PD kwanza, maana kwa wenye upungufu wake dawa hiyo huvunja chembe nyekundu. Kodeini, dawa ya maumivu: baadhi ya maini huigeuza mofini kwa kasi ya hatari, hivyo mtoto chini ya miaka 12 asipewe. ARV ikikuletea kizunguzungu na ndoto za kutisha, mwambie daktari, usiiache mwenyewe; kama ni efavirenz, huenda jeni zako huiondoa mwilini polepole, na dawa mbadala zipo. Pesa ikitosha kipimo kimoja tu na mnapanga kuzaa, lipieni selimundu.