Mawe Yasemayo Kando ya Njia

Mwenyezi Mungu Mtukufu ametuhimiza katika Kurani tutembee katika ardhi, tutazame mwisho wa waliotutangulia. Basi jiwe la kumbukumbu lililosimamishwa kando ya njia ni mwalimu. Lakini husema yale tu aliyoyataka mwenye kulisimamisha.

Mfano uko Kilwa Kivinje, katika mkoa wetu huu wa Lindi. Hapo pana mnara wa Wadachi wawili, Krieger na Hessel, waliouawa mwaka 1888 wenyeji walipoikataa Kampuni ya Kidachi. Katika mji huo huo pana kumbukumbu ya pili, pahala pa Mwembe Kinyonga, ambapo Wadachi walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya pamoja na wenzake mwaka 1895. Asomaye jiwe la kwanza peke yake ataondoka akidhani waliokufa ni wageni tu. Asomaye yote mawili ataijua sababu ya damu ile. Nasi tumeamrishwa uadilifu katika ushahidi, hata juu ya tusiowapenda: wale wawili nao walikuwa wana wa watu.

Sasa tuje kwetu. Kijana atokaye Mandawa kwenda Nachingwea na ajue anakanyaga wapi. Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walifyeka misitu ya huko walime karanga, bila ya kuijua vyema ardhi wala mvua yake. Mwaka 1951 mpango ukaachwa. Reli iliyojengwa kwa ajili yake ikafungwa mwaka 1962. Kisha Nachingwea hiyo hiyo ikawapokea wapigania uhuru wa FRELIMO, na Samora Machel miongoni mwao, wakafunzwa vita mpaka Msumbiji ikajitawala tarehe 25 Juni 1975.

Si kila pahala patawekwa jiwe, na wazee wetu wanatangulia mbele ya haki mmoja baada ya mmoja. Maulamaa wetu walizihifadhi Hadithi za Mtume (S.A.W.) kwa kutaja kila msemaji na aliyempokea. Tuifuate njia hiyo majumbani: baada ya swala ya alasiri mzee aulizwe, kijana aandike jina la pahala, mwaka, na jina la aliyesimulia.

Wala jiwe si la kuombwa wala kutukuzwa. Ni la kusomwa na kuzingatiwa.

Wabillahi taufiki.