Soko la boti kuukuu: Anayekarabati nusu hula hasara kamili

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, walisema wahenga. Lakini katika soko la boti za kasi za mbao nchini Marekani, hata kibaya kina wateja wake, na wengine hukitafuta kwa udi na uvumba. Tatizo ni kwamba wauzaji wengi hawawajui wateja hao, na kwa kutowajua hutumia fedha nyingi kuharibu mali yao wenyewe.

Boti zinazozungumzwa zaidi katika soko hilo ni za Chris-Craft, kampuni iliyoanzia Algonac, Michigan, chini ya Christopher Columbus Smith na wanawe. Kuanzia miaka ya 1920 iliunda maelfu ya boti za mahogani zilizopakwa vanishi, zenye injini ya petroli ndani. Miaka ya 1960 boti za faiba zikateka soko. Za mbao zikawa mzigo: nyingine zilichomwa moto, nyingine zikasukumwa bandani na kusahauliwa.

Hizo zilizosahauliwa ndizo zinazoibuka leo. Mzee anafariki, warithi wanafungua banda, wanakuta boti yenye vumbi, injini imeganda na viti vimeliwa na panya. Swali la kwanza huwa ni lile lile: iuzwe ilivyo, au itengenezwe kwanza ili ipate bei nzuri?

HESABU ISIYODANGANYA

Ukarabati kamili wa boti ya futi 17 au 20 unaweza kumeza mamia ya saa za fundi, na kazi ngumu hupita saa 1,000. Kwa mfano wa hesabu tu, tuseme kazi ni saa 600 na karakana inatoza dola 80 kwa saa. Hiyo ni dola 48,000. Ongeza mbao, injini, krome na viti, tuseme dola 12,000. Jumla ni dola 60,000.

Ikiwa boti ya aina hiyo ikikamilika huuzwa dola 40,000, mwenyewe ameshapoteza dola 20,000, hata kama boti aliipata bure. Kama angeiuza ilivyo kwa dola 4,000, angeondoka na dola 4,000 mkononi.

Mwenye hali mbaya ni yule wa katikati. Anatumia dola 20,000, fedha zinakwisha, boti inabaki imefumuliwa na vipande viko ndani ya masanduku. Mnunuzi akija haoni kazi iliyofanyika, anaona kazi ya mtu mwingine ambayo hana hakika nayo. Akitoa dola 9,000, muuzaji amekula hasara ya dola 11,000. Boti iliyofumuliwa nusu mara nyingi ni ngumu kuuza kuliko ile ambayo haijaguswa.

MNUNUZI NI NANI

Ikiwa hesabu ya karakana haimlipi mtu, kwa nini boti mbovu zinanunuliwa? Jibu ni kwamba mnunuzi wake wa kawaida hajilipi mshahara. Ni mtu mwenye ajira au pensheni, mwenye gereji yenye joto, anayefanya kazi hiyo jioni katika majira ya baridi wakati maziwa ya kaskazini yameganda. Saa zake 600 hazimo kwenye hesabu. Kwake hiyo ni starehe.

Mtu huyu anataka kuona kila kitu. Vanishi mpya iliyopakwa juu ya mbao zilizooza humtia shaka, kwa sababu atalazimika kuikwangua yote ili ajue kilichofichwa. Muuzaji aliyetumia dola 500 kuipamba boti amenunua mashaka kwa fedha yake.

NAMBA NDIYO HATI

Kitu cha kwanza ambacho mnunuzi makini huuliza ni namba ya boti. Chris-Craft ilipiga namba hiyo kwenye mbao ndani ya boti, na herufi za mwanzo huonyesha aina. Kumbukumbu za kampuni hiyo zimehifadhiwa katika jumba la makumbusho la The Mariners' Museum, Newport News, Virginia. Mwenye namba anaweza kuomba nakala ya kadi ya boti yake, inayoonyesha injini iliyofungwa, tarehe ya kutoka kiwandani na wakala aliyeipokea.

Karatasi hiyo moja hufanya kazi ambayo galoni kumi za vanishi haziwezi. Namba ya injini ikilingana na ya kwenye kadi, boti hiyo haijabadilishwa moyo, na bei hupanda. Injini ikiwa ni nyingine, ni heri muuzaji aseme mapema.

Mwaka nao una uzito. Chama cha wapenzi wa boti hizo, Antique and Classic Boat Society, kilichoanzishwa 1975, huziita za kale zile za 1919 hadi 1942, na zilizofuata hadi 1968 huziweka katika daraja jingine. Mwaka 1942 ni mpaka wa vita: Chris-Craft iliacha kuunda boti za starehe na kuunda vyombo vya kuteremshia askari. Kwa hiyo boti za miaka ya mwisho kabla ya mpaka huo, hasa zile zenye tezi ya mviringo kama pipa, hutafutwa sana.

Hati za umiliki zisisahauliwe, za boti na za tela. Boti isiyo na karatasi hushusha bei, na wanunuzi wengine huondoka bila hata kuuliza bei.

CHINI NDIKO KWENYE FEDHA

Fundi wa majahazi wa Lamu au Nungwi ataelewa hili mara moja: mbao iliyokaa nchi kavu husinyaa, viungo huachana, na chombo kikitiwa majini huvuja mpaka mbao ivimbe. Chini ya boti nyingi za Chris-Craft kuna tabaka mbili za mbao, na katikati kuna turubai lililotiwa dawa ya kuziba. Baada ya miongo kadhaa turubai huoza na skrubu hulegea. Wakarabati wengi leo hufumua sehemu yote ya chini na kuiunda upya kwa gundi ya kisasa inayonata na kunyumbuka.

Ndiyo maana muuzaji asithubutu kuitia majini boti iliyolala miaka 30 ili kumridhisha mteja. Inaweza kuzama mbele ya macho yake. Wala injini iliyoganda isilazimishwe kwa betri. Mafuta kidogo kwenye silinda na kuizungusha taratibu kwa mkono vinatosha kuonyesha kama inageuka.

Pia tela iangaliwe. Tela isiyobeba mkuku vizuri huipinda boti polepole, na boti iliyopinda hurekebishwa kwa gharama kubwa.

Mali nyingine iko kwenye vitu vidogo: taa za omo, usukani, geji za dashibodi, vishikio vya krome. Vikipotea, kuvipata vya asili ni kazi ya miaka. Vyote vikusanywe, vipigwe picha na viandikwe. Wapo watakaoshawishi wauziwe vyuma na injini peke yake. Fedha ya haraka itapatikana, lakini boti inayobaki itakuwa kuni.

MFANO WA ITALIA

Thamani ya uasili ilionekana wazi katika boti moja ya Riva Aquarama, iliyoundwa Sarnico, kando ya ziwa Iseo, kwa ajili ya Ferruccio Lamborghini mwaka 1968. Yeye alifunga injini mbili za silinda 12 kutoka magari yake. Baadaye boti hiyo ilikaa chini ya kifuniko kwa takriban miaka 20. Kampuni ya Riva-World ya Uholanzi iliinunua na kuikarabati kwa miaka mitatu, kazi ikakamilika 2013. Injini za kisasa zingekuwa rahisi zaidi, lakini ilirudishiwa mbili za Lamborghini za silinda 12, na mbao zake zikapakwa vanishi tabaka 25.

Ni tajiri na karakana kubwa wanaoweza kazi hiyo. Mrithi wa kawaida hawezi, na hana haja ya kuweza. Kazi yake ni kumfikishia mwenye uwezo boti iliyokamilika vipande vyake.

BEI NA WAKATI

Boti iliyokarabatiwa hutazamwa zaidi kuanzia majira ya kuchipua, watu wanapojiandaa kwa maonyesho ya kiangazi kama yale ya Clayton, New York. Boti ya kukarabati ina nafasi nzuri mwanzoni mwa vuli, kabla mnunuzi hajapanga kazi yake ya baridi.

Bei ianzie kwenye boti za mwaka na aina ile ile zilizouzwa zikiwa katika hali ile ile. Bei ya boti inayong'aa mnadani haina uhusiano na iliyo bandani. Anayechanganya hizo mbili hukaa na tangazo lake miaka miwili huku paa la banda likivuja juu ya mali.

Funzo hilo linawafaa hata wanaouza lori kuukuu au mashine ya kusaga iliyokufa. Kabla ya kumwita fundi, muuzaji apige hesabu ya fundi. Ikizidi bei ya sokoni, afagie vumbi, akusanye vipuri, atafute karatasi, kisha aseme kila kasoro anayoijua. Mnunuzi wa kitu kibovu hulipa zaidi pale anapojua ubovu unaishia wapi.